Wi-Fi imekataa baada ya kupanda kerneli 6.8: kwanza moduli inakataliwa, sasa nenosiri (Bukavu)

burotiki_nyawera

Jambo wote. Ninaendesha burotiki hapa Nyawera, Bukavu: kupiga chapa, fotokopi, skani. Msimu huu wanafunzi wanaleta TFC zao (kazi za mwisho wa masomo) mpaka usiku. Mashini ya kazi ni laptopu ya HP yenye Linux Mint 21.3. Kadi yake ya ndani ya Wi-Fi ilikufa zamani, kwa hiyo natumia kle ya USB (kipande cha Wi-Fi cha kuchomeka). lsusb inaandika:

`0bda:b812 Realtek Semiconductor Corp. RTL88x2bu`

Kwenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.15 ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mfumo ukapendekeza 6.8, nikakubali, nikawasha upya, Wi-Fi haipo. Hata orodha ya mitandao haitokei. Kijana wa jirani anayesoma informatiki akapakua msimbo wa draiva (programu inayoendesha kle), akaukompaili (akaugeuza programu) kwa make, ukapita bila kosa. Lakini tukitaka kuipakia kama moduli, yaani kipande cha kerneli:

`modprobe: ERROR: could not insert '88x2bu': Key was rejected by service`

Anasema dawa ni kuingia BIOS na kuzima Secure Boot. Kabla sijagusa kitu nimeona niulize hapa. Ndani ya mashini hii kuna skani za kadi za wateja, diploma, mikataba ya nyumba. Sipendi kuzima ulinzi nisioujua unalinda nini.

katuba_lushi

Dada, rudi 5.15 na uendelee na kazi. Ukiwasha, shikilia Shift (au Esc) mpaka GRUB, menyu ya kuchagua kerneli, itokee, ingia «Advanced options», chagua ya zamani. Mimi niko Lubumbashi, kerneli yangu nimeifunga kwa apt-mark hold isisasishwe, na Wi-Fi hainisumbui.

fundi_kadutu

Dada, umefanya vizuri kuuliza kwanza. Secure Boot iache ilivyo.

Ndugu yetu wa Lushi ametoa jambo moja la maana sana: washa 5.15. Ila ichukue kama kipimo kwanza. Watu wanasema «kerneli imeharibu Wi-Fi» wakati siku ile ile ya kusasisha vilibadilika vitu vingi pamoja: wpa_supplicant na NetworkManager (zinazounganisha Wi-Fi), OpenSSL (ya usimbaji), faili za fimwea (programu ya ndani ya kifaa). Ukiwasha kerneli ya zamani na kila kitu kingine kikabaki kipya, Wi-Fi ikirudi, basi tatizo liko kwenye kerneli au draiva. Isiporudi, kerneli haina kesi, tutafute kwingine. Kipimo hiki ni dakika chache tu na kinaokoa usiku mzima wa kubahatisha.

Sasa kuhusu hilo kosa. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu na Mint haipokei moduli isiyo na saini. Saini inayokubalika ni ya watengenezaji wa mfumo wenyewe, au ya ufunguo wako ulioandikishwa ndani ya mashini, unaoitwa MOK. Draiva ikipitia DKMS, chombo kinachoikompaili upya kwa kila kerneli, hutiwa saini ya MOK yenyewe bila wewe kujua. Ndiyo maana 5.15 yako haikulalamika. Kijana wa jirani alikompaili kwa mkono, na make haitii saini yoyote. Kwa hiyo kerneli ilifanya kazi yake sawasawa: imekuta moduli isiyojulikana imetoka wapi, ikaikataa.

Niseme pia mipaka yake. Secure Boot haizuii virusi vya kwenye hati za Word za wateja. Inachohakikisha ni kwamba kinachowaka kabla ya mfumo, pamoja na kerneli na moduli zake, hakijachezewa. Mashini inayopokea flashi za USB za watu wa kila aina kuanzia asubuhi hadi jioni inauhitaji ulinzi huo kuliko yangu ya nyumbani.

Na habari njema: pengine huihitaji kabisa hiyo draiva ya kupakua. Kuanzia kerneli 6.2, familia ya rtw88 ndani ya kerneli ilianza kubeba kle za USB za Realtek, na chipu yako imo, kwa jina rtw88_8822bu. Hiyo inakuja na saini tayari. Swali ni kwa nini haijawaka yenyewe kwenye 6.8. Nina wazo. Nipe majibu ya hizi:

`grep -r rtw88 /etc/modprobe.d/`
`dkms status`
`mokutil --sb-state`

Intaneti kwa sasa ipate kwenye simu: unganisha waya wa USB, ingia «Partage de connexion», chagua USB. Mint itaiona kama kadi ya waya, haihitaji draiva ya Wi-Fi. Zima tu masasisho ya kujipakua yasije yakala mega zako zote.

burotiki_nyawera

Aksanti yaya. Nimewasha 5.15: Wi-Fi inawaka na inaingia kwenye ruta bila shida. Majibu ya grep ni mstari mmoja:

`/etc/modprobe.d/88x2bu.conf:blacklist rtw88_8822bu`

dkms inaonyesha rtl88x2bu imewekwa kwa 5.15 peke yake, 6.8 haimo. Na mokutil inasema SecureBoot enabled.

fundi_kadutu

Basi ndiyo hiyo. Aliyekuwekea draiva ya zamani aliiweka na faili hilo, linalokataza draiva ya ndani isigombanie kle na ya kwake. Wakati ule ilikuwa sawa. Ulipopanda 6.8, msimbo ule wa zamani haukukompailika tena, maana kerneli hubadilisha milango yake ya ndani kila toleo na draiva za nje zisizofuata huachwa nyuma. DKMS ikashindwa kimya kimya. Na draiva ya ndani, iliyo tayari, ikabaki imezuiwa na mstari mmoja. Ukakosa zote mbili.

Usifute faili lote, lina mipangilio ambayo 5.15 bado inaitumia. Weka alama ya # mbele ya mstari wa blacklist tu:

`sudo sed -i 's/^blacklist rtw88_8822bu/#&/' /etc/modprobe.d/88x2bu.conf`

Kisha, ukiwa ndani ya 6.8, tafuta moduli aliyoiacha kijana:

`sudo find /lib/modules/$(uname -r) -name '88x2bu.ko*'`

Hiyo itakayotokea ifute kwa sudo rm, halafu:

`sudo depmod -a`
`sudo update-initramfs -u`

Washa upya, chomeka kle, angalia `sudo dmesg | grep rtw`. Ukiona mstari wa «Firmware version», draiva imeshika.

Na kama umeme una tabia ya kukatika hapo Nyawera kama huku kwetu, fanya haya betri ikiwa imejaa. Ukikatikiwa katikati ya apt, amri ya kwanza ukirudi ni `sudo dpkg --configure -a`. Nimeona mashini nyingi hapa Bukavu zikisingiziwa kerneli mbovu, kumbe kerneli iliwekwa nusu.

himbi_goma

Samahani kuingilia, ila nami niko kwenye shimo linalofanana. Goma, Himbi. Wi-Fi ya kazini si ya nenosiri moja kwa wote. Kila mtu ana jina lake na nenosiri lake, kwa njia inayoitwa PEAP. Nimetoka Debian 11 kwenda 12, kwa maana hiyo kerneli 5.10 hadi 6.1. Tangu hapo inazunguka tu, inauliza nenosiri, inakataa. Nyumbani Wi-Fi ya kawaida inaingia vizuri. Fundi wa kazini ameniambia niondoe alama ya kukagua cheti cha seva (kitambulisho chake), eti itapita.

fundi_kadutu

Ndugu wa Himbi, usikubali hilo la cheti. Nitakueleza. Kwanza kipimo kile kile: 5.10 bado iko kwenye GRUB? Iwashe, jaribu Wi-Fi ya kazini, kisha:

`journalctl -u wpa_supplicant -b | grep -i ssl`

himbi_goma

Nimewasha 5.10. Haiingii vilevile! Logi:

`OpenSSL: openssl_handshake - SSL_connect error:0A000102:SSL routines::unsupported protocol`

fundi_kadutu

Safi sana, umejijibu. Kerneli ya zamani nayo inashindwa, kwa hiyo kerneli haihusiki hata kidogo. Debian 12 ilikuja na OpenSSL 3.0, wakati 11 ilikuwa na 1.1.1. Kwa PEAP, mashini yako na seva ya kazini hufungua kwanza njia iliyosimbwa ya TLS, halafu ndipo nenosiri lako linapita ndani yake. Seva yenu inaonekana inajua TLS 1.0 tu. OpenSSL mpya, kwa mpangilio wake wa kawaida, haiikubali. Mnashindwa kuelewana kabla nenosiri lako halijatumwa, halafu skrini inakuuliza nenosiri kana kwamba umelikosea.

Dawa ya kweli iko kwa msimamizi wa seva: TLS 1.2 iwashwe. Ipo tangu 2008, na TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa za kuachwa mwaka 2021 kwa hati ya RFC 8996. Mpe hoja hiyo kwa maandishi. Wakati unasubiri, NetworkManager 1.42 ya Debian 12 inaruhusu kuilegeza kwa mtandao huo mmoja bila kugusa mashini nzima:

`nmcli connection modify "jina-la-mtandao" 802-1x.phase1-auth-flags tls-1-0-enable`

Siku seva ikisasishwa, rudisha kuwa 0.

Sasa cheti. Mtu yeyote anaweza kukaa nje ya ofisi yenu na ruta ndogo yenye jina lile lile la mtandao. Mashini isiyokagua cheti itamkabidhi mazungumzo ya nenosiri lako, naye atalivunja nyumbani kwake kwa utulivu. Kwa kuwa majina hayo ya kazini mara nyingi ndiyo yanayofungua na barua pepe, unampa mtu vyote. Na katika shida yako kuondoa ukaguzi hakungesaidia kitu: kosa linatokea kwenye kukubaliana toleo la TLS, cheti hakijafikiwa bado. Weka cheti cha CA (mtoaji wa vyeti) cha kazini kwako kwenye mpangilio, na jina la seva uliandike.

burotiki_nyawera

Yaya, kle imewaka kwenye 6.8! «Firmware version» nimeiona, mitandao yote ya jirani inaonekana, Secure Boot sijaigusa.

Lakini ruta yetu yenyewe inakataa. Naweka nenosiri, inazunguka, inaniuliza tena. Simu inaingia na nenosiri hilo hilo. Nikirudi 5.15 inaingia. Wateja wako mlangoni, naomba msaada.

nguba21

Dada, kwa leo toa nenosiri kwenye ruta, halafu ficha jina la mtandao. Asiyejua jina hataingia. Kazi ikiisha unarudisha.

fundi_kadutu

Nguba, najua unataka kumwokoa dada na foleni, lakini hapana. Kuficha jina hakufichi chochote. Mashini iliyozoea mtandao uliofichwa hulazimika kulitaja jina hilo hewani yenyewe kila inapoutafuta, na programu yoyote ya bure ya kusikiliza Wi-Fi inalinasa. Na mtandao usio na nenosiri hausimbwi: faili zinazokwenda kwenye printa zinapita hewani wazi. Hizo ni diploma na kadi za watu wa Bukavu hii hii. Kama ufunguo wa mpangaji mmoja haugeuki, hatung'oi lango la parseli nzima.

Na kama kuna atakayependekeza WEP, ulinzi wa kale wa Wi-Fi, nitangulie. WEP ilivunjwa mwaka 2001, na wpa_supplicant 2.10 ya Januari 2022 imeiondoa kwenye muundo wake wa kawaida. TKIP, usimbaji wa zamani wa WPA, nayo iacheni.

Dada, kipimo kinasema: 5.15 inaingia, 6.8 haiingii. Safari hii basi ni kerneli na draiva kweli. Nipe logi:

`journalctl -u wpa_supplicant -b | tail -30`

Anwani za MAC (namba za utambulisho wa vifaa) zifute kabla ya kubandika. Na unieleze ruta imewekwa aina gani ya ulinzi.

burotiki_nyawera

Ruta inaandika «WPA2/WPA3». Logi inarudia mstari huu:

`CTRL-EVENT-AUTH-REJECT … auth_type=3 auth_transaction=2 status_code=1`

fundi_kadutu

Mstari huo una kila kitu. auth_type=3 maana yake ni SAE, njia ya WPA3 ya kuthibitisha nenosiri. Ruta yako inatangaza njia mbili, WPA2 na WPA3. Kwa draiva ya zamani ulikuwa unaingia kwa WPA2. Draiva ya ndani imefungua mlango wa SAE, na NetworkManager, ikiona pande zote mbili zinasema zinaijua, inachagua iliyo imara zaidi. Hapo ndipo ruta inakwama.

Angalia namba ya mwisho. Ingekuwa status_code=15 ningekuambia nenosiri ndilo lililokosewa. 1 ni kukataa bila kueleza sababu, kwa hiyo namtazama ruta kuliko wewe. Ruta nyingi za bei nafuu ziliongezewa WPA3 kwa fimwea ya haraka. Simu yako kuingia hakupingani na hilo, pengine inatumia WPA2.

Kwanza angalia kwenye ukurasa wa ruta kama kuna fimwea mpya. Ikiwepo iweke, jaribu tena, pengine yanaishia hapo. Isipokuwepo, iambie laptopu hii peke yake isiende njia ya WPA3 kwa mtandao huu:

`nmcli connection modify "jina-la-mtandao" wifi-sec.key-mgmt wpa-psk wifi-sec.pmf 1`
`nmcli connection up "jina-la-mtandao"`

Hiyo 1 inazima PMF, yaani ulinzi wa fremu za usimamizi. SAE haiendi bila PMF, kwa hiyo inabaki WPA2. Ikigoma bado, weka ruta yenyewe WPA2 yenye usimbaji wa AES peke yake. Usiweke «WPA/WPA2 mseto», hiyo inarudisha TKIP.

Ujue unachotoa. Bila PMF, mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma fremu za uongo za kukukatia mawasiliano. Na kwa WPA2 anaweza kunasa salamu za mwanzo kati ya laptopu na ruta, akaenda kubahatisha nenosiri nyumbani bila wewe kujua. SAE iliundwa kuziba hilo hasa. Kwa hiyo nenosiri la WPA2 liwe refu: maneno kadhaa yasiyohusiana, herufi ishirini na zaidi. Jina la burotiki na mwaka, hapana. Namba ya simu iliyo kwenye kibao cha mlango, hapana kabisa.

katuba_lushi

Yaya, naheshimu maelezo, lakini tazama kazi yote hii. Mimi na 5.15 yangu iliyofungwa silali na njaa. Kuna ubaya gani?

fundi_kadutu

Ubaya si 5.15, ndugu. Mfululizo huo Ubuntu 22.04 bado inautunza mpaka Aprili 2027. Ubaya ni hold. Ukiifunga, hata viraka vya 5.15 yenyewe haviingii.

Na viraka vya Wi-Fi ndani ya kerneli si mapambo. Mei 2021 yalitangazwa mapungufu ya FragAttacks, yanayogusa namna Wi-Fi inavyogawa na kuunganisha fremu, na mac80211, sehemu ya Wi-Fi ya kerneli ya Linux, ikalazimika kurekebishwa. Oktoba 2022 yakaja mengine, CVE-2022-41674 na wenzake: fremu za matangazo zilizotengenezwa kwa hila zingeweza kuharibu kumbukumbu ya kerneli wakati mashini inatafuta mitandao tu. Hukuhitaji kujiunga na mtandao wowote. Kukaa kwenye eneo la mawimbi kulitosha. Angalia kerneli yako ni ya lini:

`uname -v`

Kama tarehe yake ni ya kabla ya Oktoba 2022, tafadhali usiingie nayo kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya chuo. Fanya `apt-mark showhold`, kisha `sudo apt-mark unhold` kwa majina yatakayotokea. Baki kwenye 5.15 ukitaka, ila iliyo hai.

katuba_lushi

Inasema Machi 2022. Nafungua leo hii.

himbi_goma

Marejesho: ile tls-1-0-enable imepita, nimeingia nikiwa na cheti kinakaguliwa. Barua kwa msimamizi nimeiandika, nimemwekea na mstari wa logi. Amejibu kwamba kompyuta mpya za Windows 11 nazo zilikuwa zinamsumbua kwenye mtandao huo huo, sasa ana pa kuanzia.

burotiki_nyawera

Imeingia, yaya. Ruta haikuwa na fimwea mpya, kwa hiyo nimetumia amri ya pmf, na nenosiri nimebadilisha liwe refu. Wapangaji wa juu wamenung'unika kuliandika upya kwenye simu zao, lakini wameliandika. TFC zinachapwa. Aksanti sana, na kijana wa jirani anakusalimia, amesoma uzi wote.

Swali la mwisho: ile rtl88x2bu ya DKMS niifute sasa? Mint inanikumbusha kusasisha tena.

fundi_kadutu

Msalimie sana, na mwambie ajifunze kutumia DKMS, ana mkono mzuri.

Usiifute bado. Ndiyo inayofanya 5.15 iwe na Wi-Fi, na unahitaji kerneli moja ya akiba inayofanya kazi. Sasisha kwa waya wa simu, washa 6.8 mpya, ifanyie kazi ya kawaida ya burotiki: skani, printa, faili kubwa. Kerneli inayofuata ya 6.8 nayo ikiwaka vizuri, utakuwa na mbili zisizohitaji draiva ya nje, ndipo uandike:

`sudo dkms remove rtl88x2bu/5.13.1 --all`
`sudo rm /etc/modprobe.d/88x2bu.conf`

Namba ya toleo itazame kwenye `dkms status`, inaweza kuwa tofauti kwako.

burotiki_nyawera

Ni 5.13.1 kweli. Nasubiri hiyo inayofuata.